Shule iliyofaulisha wote, na watoto 49 ambao hawakuwepo: kisa cha kata moja ya vijijini

Kata ninayoizungumzia iko kanda ya kati ya Tanzania. Ina shule tatu za msingi za serikali na shule shikizi moja, yaani shule ndogo ya madarasa ya mwanzo tu, iliyo chini ya shule kamili. Majina ya shule nimeyaficha kwa lakabu: Barabarani, Bondeni na Mlimani. Idadi za wanafunzi nimezisogeza kidogo ili mtu asizitambue, lakini uwiano kati yake nimeuacha kama ulivyokuwa. Nami niseme mapema: nilikuwa mwalimu wa taaluma pale Barabarani, kwa hiyo kisa hiki kinanihusu, na msomaji ana haki ya kunitilia shaka ninapoitetea shule yangu. Mlimani haina makuu humu. Matokeo yake yalikuwa ya kawaida, na hakuna aliyeisema vizuri wala vibaya.

Watu wa kata hii

Ukishuka kwenye basi unakutana na shule yetu kabla hujafika popote. Ofisi ya kata iko hapo, zahanati iko hapo, na maduka yamejipanga upande wa pili wa barabara. Watoto wetu ni wa wakulima wa mtama na alizeti, wa wenye maduka, na wengi zaidi ya unavyodhani wanalelewa na bibi zao, kwa sababu baba na mama wako mjini wakitafuta.

Bondeni ni kilomita 11 kutoka hapo, njia ya pikipiki. Wakulima wa zamani wamo, lakini kwa miaka kama 15 wafugaji wamekuwa wakihamia wakifuata malisho, na sasa wao ndio wengi kuliko wenyeji wa awali. Kiangazi kikikolea, sehemu ya kaya inasogea na mifugo, na mvulana wa miaka 10 ni sehemu ya hiyo sehemu inayosogea. Mtoto wa kule anapoanza darasa la kwanza, Kiswahili amekisikia mnadani na kwenye redio tu. Mwalimu anamfundisha herufi za lugha ambayo bado hajui kuombea maji ya kunywa.

Hayo yote hayamo kwenye fomu. Takwimu za shule zinahesabu wavulana na wasichana, umri, yatima na wenye ulemavu. Kabila hatuliulizi, na sensa zetu ziliacha kuliuliza baada ya ile ya 1967, jambo ambalo mimi naliunga mkono. Ila lugha ya nyumbani nayo haiulizwi, wala kama kaya inahama kiangazi. Kwa hiyo shule mbili zenye watoto tofauti kabisa zinaonekana pacha kwenye karatasi ya wilaya.

Halafu kuna suala la udogo wa shule. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Bondeni ilikuwa na wanafunzi kama 300, kwa hiyo kwa kugawanya ilistahili walimu saba. Lakini darasa la kwanza hadi la saba, pamoja na awali, ni madarasa manane hata kama kila moja lina watoto wachache. Walimu waliokuwepo ni watano. Ruzuku nayo inakuja kwa kichwa: 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na kati ya hizo 6,000 ndizo zinazofika shuleni. Zidisha kwa 300, gawa kwa miezi 12, unapata 150,000 kwa mwezi ya chaki, karatasi za mitihani, ukarabati na nauli ya mwalimu mkuu kwenda wilayani. Shule ndogo inaendeshwa kwa gharama zilezile za shule kubwa, kwa pesa ya shule ndogo.

Kundi la watoto lililoleta kisa hiki liliandikishwa Januari 2016. Wazee wa kazi wanaukumbuka mwezi huo. Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 ulikuwa umetoka, ada na michango ya lazima imeondolewa, na wazazi walileta watoto wa miaka sita, saba, tisa, hata kumi na moja, wote darasa la kwanza. Barabarani tuliandikisha 96. Bondeni waliandikisha 71. Niliwafundisha wale 96 kusoma wakiwa wanne kwenye dawati la watu wawili, na waliozidi chini sakafuni.

Kombe na mbuzi

Kundi hilo lilifanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi Oktoba 2022. Matokeo yalitoka tarehe 1 Desemba. Kitaifa ufaulu ulikuwa asilimia 79.62. Bondeni walikuwa na watahiniwa 22, na wote 22 walipata daraja A hadi C. Asilimia 100. Sisi Barabarani tulikuwa na watahiniwa 78, wakafaulu 58, ambayo ni asilimia 74, chini ya wastani wa taifa.

Baraza la Mitihani liliacha kutangaza orodha ya shule bora mwanzoni mwa 2023. Ngazi za chini hazikuacha. Januari hiyohiyo kilifanyika kikao cha tathmini, shule zikapangwa kwa mstari kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Mwalimu mkuu wa Bondeni alipewa kombe na mbuzi. Mwalimu mkuu wetu alisimamishwa. Nasema alisimamishwa kwa miguu, mbele ya wenzake, aeleze kulikoni; barua haikuwepo, ila ilinukia. Alisema kitu kuhusu msongamano wa madarasa. Wakamwambia mwenzako ana walimu watano na amefaulisha wote.

Afisa Elimu Kata, ambaye sote tulimwita Madam, alirudi na agizo la kuandika mkakati wa kupandisha ufaulu ndani ya wiki mbili. Tulikaa watatu ofisini kwake: yeye, mimi na mwalimu wa taaluma wa Mlimani. Mkakati wa namna hiyo karibu unajiandika wenyewe, maana kila mwaka ni uleule: kambi ya darasa la saba, jaribio kila Ijumaa, wakuu wa shule kusaini mikataba ya ufaulu, na Barabarani kwenda kujifunza Bondeni. Tulikuwa tumefika kwenye hiyo ziara ya mafunzo ndipo Madam akaweka kalamu chini.

"Hawa 22 ndio darasa zima?"

Nikamwambia ndio wote waliosajiliwa.

"Mwaka 2016 mimi nilikuwa nafundisha darasa la kwanza kata ya jirani. Hakuna shule iliyoandikisha 22 mwaka ule. Nileteeni rejista."

Rejista ya uandikishaji ya Bondeni ilipatikana stoo, mchwa wamekula jalada na kurasa mbili za mwanzo. Majina yalisomeka: 71.

Kuwatafuta kwa jina

Hapo ulikuwa uamuzi wa kwanza wenye uzito. Madam angeweza kuandika wilayani siku ileile kwamba Bondeni imepoteza watoto 49. Hakufanya hivyo. Alijua kwamba neno "wamepotea" linaweza kumaanisha mambo mengi, na baadhi yake hayana kosa lolote. Akaomba kuongezewa muda wa mkakati, kisha akaamua watoto wote 49 watafutwe kwa jina, mmoja mmoja. Wetu 29 ambao hawakufika mtihani nao pia, ili asionekane ana shule anayoiwinda.

Kazi ilichukua wiki tatu bila bajeti. Mafuta ya pikipiki yalitoka mfukoni mwake. Tulianza na mfumo wa PReM wa Baraza la Mitihani, ambamo kila mwanafunzi ana namba inayomfuata akihama shule. Waliohamishwa kwa utaratibu walionekana hapo mara moja, lakini walikuwa wanne tu. Wenyeviti wa vitongoji wakatusaidia kwa watoto wa wakulima. Kwa watoto wa wafugaji, mwenyekiti wa kitongoji alikuwa anabahatisha. Mwalimu wa kujitolea wa Bondeni, kijana aliyemaliza kidato cha nne palepale, ndiye aliyetuambia twende mnadani. Tulikaa chini ya mti pembeni ya mnada na orodha yetu, na kufikia saa nane mchana tulikuwa tumejua habari za watoto 17. Mjomba wa huyu yuko pale anauza ndama. Yule kaolewa. Hawa ndugu wawili wako wilaya nyingine na wanasoma, ila hawakuaga.

Jumla ya Bondeni ilitoka hivi. Watoto 14 walikuwa wamehama na familia zao na tukathibitisha kwamba wako shule nyingine. Wawili walifariki. Kumi na mmoja walikuwa wamehamia Barabarani, kwetu, wakiwa darasa la nne au la tano. Kumi na watatu walikuwa bado wako Bondeni, wamekaririshwa darasa. Tisa waliacha shule kabisa, sita kati yao wakiwa hawakurudi baada ya shule kufungwa kwa ajili ya korona kuanzia Machi hadi mwisho wa Juni 2020. Miezi ile ng'ombe walikuwepo, shule haikuwepo, na mtoto akishazoea kukabidhiwa kundi la mifugo si rahisi kumrudisha kwenye dawati la watu wanne.

Wale 11 ndio walionikosesha usingizi. Niliwapokea mwenyewe. Bibi zao au shangazi zao walikuja nao wakisema mtoto anahamia kuishi hapa barabarani, nami sikuuliza zaidi. Sasa tulipowauliza wazazi, saba walisema jambo moja kwa maneno tofauti: shule ilituambia mtoto huyu mzito, mtafutieni pengine kabla ya mtihani wa darasa la nne. Kati ya hao 11, watano walifaulu la saba na sita walishindwa. Kwa maneno mengine, watoto sita kati ya 20 waliotushusha hadi 74 walikuwa wameanza safari yao kwenye shule iliyopewa mbuzi.

Tukapiga hesabu upya, safari hii kwa kundi la uandikishaji badala ya waliofika mtihani. Ukiwatoa waliohama kihalali na waliofariki, Bondeni ilibaki na dhamana ya watoto 55. Waliofaulu pale ni 22, asilimia 40. Hata ukiirudishia wale watano waliofaulia kwetu, ni 27 kati ya 55, chini kidogo ya nusu. Sisi kati ya 96 walihama 12, wakabaki 84, na ukiwaondoa wale 11 wa kutoka Bondeni tulifaulisha 53, asilimia 63. Hiyo si sifa. Watoto wetu 10 walikuwa wamekaririshwa na saba walikuwa wameacha shule, na nilikuwa sijawahi kukaa na kuwahesabu hadi siku ile. Mmoja wa hao saba alikuwa anauza mahindi ya kuchoma mita 200 kutoka geti letu.

Upande wa Bondeni

Mwalimu mkuu wa Bondeni si mtu mbaya, na kisa hiki kinapotea maana ukimfanya mbaya. Tulipomfuata alitukaribisha chai, akasikiliza, kisha akasema: "Madam, mimi nina walimu watano. Wilaya ikija inaniuliza la nne na la saba. Hakuna aliyewahi kuniuliza la kwanza lina nani."

Ilikuwa kweli. Walimu wake watatu walio wazuri zaidi alikuwa amewapanga madarasa ya mitihani. Kuanzia Julai walikuwa kambini na darasa la saba asubuhi hadi usiku. Darasa la kwanza na la pili, ambako mtoto asiyejua Kiswahili anakutana na kitabu kwa mara ya kwanza, alikuwa amempa yule kijana wa kujitolea. Matokeo yake yanatabirika: mtoto anafika la tatu hasomi, la nne linamkataa, anakaririshwa, anakua kuliko wenzake, anaona aibu, anaondoka. Anayebaki hadi la saba ni yule ambaye angefaulu karibu popote, na kambi inamsukuma kidogo.

Kulikuwa na shikizi pia. Mwaka 2022 ilipata madarasa mawili mapya, katika yale 3,000 ya shule shikizi yaliyojengwa nchini kwa fedha za mpango wa UVIKO-19. Ilikuwa karibu kabisa na maboma ya wafugaji, na watoto walijaa. Lakini ilikuwa na la kwanza na la pili tu. Akimaliza la pili, mtoto wa miaka nane au tisa anatakiwa atembee kilomita saba hadi Bondeni na kurudi, bila chakula cha mchana. Tulipopitia rejista tuliona kati ya la pili na la tatu ndipo majina yanapokatika kwa wingi.

Yaliyoamuliwa

Madam alipeleka jedwali lile kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Nililipinga hilo, na bado naona nilikuwa sahihi: alilipeleka kabla ya mwalimu mkuu wa Bondeni kuliona likiwa limeandikwa. Yeye aliogopa kwamba likipitia kwa mtu wa kombe litazimwa njiani. Diwani alilisoma kwa sauti. Mwalimu mkuu alikuwa kiti cha tatu kutoka kwake.

Kambi haikuondolewa. Wilaya iliitaka, na mkakati usio na kambi ungerudishwa. Lakini Madam aliandika sharti kwamba kambi isichukue zaidi ya mwalimu mmoja kwa wakati mmoja, na kwamba mwalimu bora wa kusoma na kuandika apangwe la kwanza na la pili. Hapo ndipo palipokuwa na mvutano kuliko mahali pengine popote, kwa sababu kwa mwalimu kushushwa kutoka la saba kwenda la kwanza ni kama kupewa adhabu. Aliyepangwa Bondeni alikaa wiki moja bila kuingia darasani. Alikubali Madam alipokwenda kufundisha naye bega kwa bega siku nne.

Kwa la tatu na la nne tulianzisha saa moja ya kusoma kila mchana, Jumatatu hadi Alhamisi. Watoto hawakukaa kwa darasa bali kwa uwezo: wa herufi, wa silabi, wa maneno, wa aya, wa hadithi. Wa la nne aliweza kukaa na wa la tatu. Tuliogopa aibu, lakini watoto hawakujali. Waliojali ni wazazi wawili, nao waliacha kulalamika mtoto aliposogezwa kundi la mbele.

Chakula kilikuwa kimeshindikana Bondeni kwa sababu mchango ulitajwa kuwa debe la mahindi, na mfugaji halimi mahindi, anayanunua. Mzee mmoja wa wafugaji ndiye aliyesema tukusanye fedha siku ya mnada, mtu akishauza, na tumpe yeye daftari, tusimpe mwenyekiti wa kitongoji. Tukafanya hivyo.

Jambo la mwisho lilikuwa uhamisho: mtoto asipokelewe shule yoyote ya kata bila saini ya Afisa Elimu Kata na namba ya PReM. Lengo lilikuwa kuziba ule mlango waliopitia wale 11.

Yaliyofuata

Kundi la herufi pale Bondeni lilipungua hadi likaunganishwa na la silabi kabla ya likizo ya Juni. Uji na makande vilipikwa kwa mihula miwili mfululizo, na mahudhurio ya mchana yalionekana kwa macho. Kabla ya hapo nusu ya darasa ilikuwa inaondoka saa sita.

Kati ya wale 13 waliokaririshwa, tisa walifika mtihani mwaka 2023, na wanne wakabaki la sita. Bondeni ilisajili watahiniwa 38 mwaka huo, wengi kuliko ilivyowahi kusajili. Wakafaulu 24.

Soma tena namba hizo. Mwaka wa kombe walifaulu 22. Mwaka uliofuata walifaulu 24, watoto wawili zaidi wa bonde lile walikwenda kidato cha kwanza. Lakini 24 kati ya 38 ni asilimia 63, na karatasi ya wilaya ikaandika kwamba Bondeni imeporomoka kutoka 100 hadi 63 ndani ya mwaka mmoja, wakati taifa limepanda hadi 80.58. Sisi tulipata 76. Wastani wa kata ulishuka, na Madam akaandikiwa barua ya kujieleza.

Aliambatisha jedwali la makundi ya uandikishaji kwenye majibu yake. Jibu halikuja. Mwalimu mkuu wa Bondeni aliomba uhamisho mwenyewe na akapata. Yule mwalimu aliyeshushwa la kwanza yupo bado, na sasa ndiye anayegoma kutolewa.

Kilichofanya kazi na kilichokwama

Kilichofanya kazi kuliko vyote kilikuwa cha bei ndogo: kubadilisha namba inayogawanya. Ufaulu unaotangazwa unagawa waliofaulu kwa waliofika mtihani. Katika shule kubwa ya mjini hilo linaweza lisipotoshe sana. Katika shule yenye watahiniwa 22, mtoto mmoja ni asilimia nne na nusu, na kumwondoa mtoto mzito kabla ya la nne ni rahisi kuliko kumfundisha. Hakuna aliyemwagiza mwalimu mkuu afanye hivyo. Kipimo chenyewe kilimwagiza.

Pia kuna jambo la nani anapewa nani. Tofauti ya watoto wa bonde na wa barabarani ilikuwa kubwa zaidi siku ya kwanza ya la kwanza, na siku hiyo ndipo shule ilipoweka mtu wake dhaifu kuliko wote. Kuhamisha mwalimu mmoja kutoka mwisho wa mstari kwenda mwanzo hakukugharimu shilingi, ila kuligharimu heshima ya mtu, na sisi hatukuihesabu hiyo gharama mapema.

Saini ya uhamisho ilikuwa kosa, na ni kosa langu kwa sababu mimi ndiye niliyeipendekeza. Niliwafikiria wale 11 waliosukumwa, nikasahau kwamba wengi wanaohama katika kata ile wanahama kweli. Binti mmoja wa la tano alikaa nyumbani mwezi mzima akisubiri saini wakati Madam yuko semina. Tuliibadilisha: mtoto anapokelewa siku hiyohiyo, karatasi zinamfuata, na shule anayotoka inabaki naye kwenye hesabu ya kundi lake mpaka namba yake ionekane kwenye shule nyingine. Hilo la mwisho lilizuia pia ujanja mpya ulioanza kuchomoza, wa kuandika "amehama" mbele ya kila mtoro.

Jedwali kusomwa hadharani lilituletea wafuasi kwenye kamati na adui pale tulipomhitaji rafiki. Mwalimu mkuu mpya alikuta walimu waliogawanyika, na mchango wa mnadani ukalegea bei ya ng'ombe iliposhuka, kwa sababu hakukuwa na mtu wa shule aliyekuwa na ukaribu na yule mzee wa daftari. Uji ulirudi kupikwa siku mbili kwa wiki.

Shikizi ilipata kibali cha la tatu. Mwalimu aliyepelekwa alikaa miezi mitano. Nyumba hakuna, maji ni ya lambo wanamonywa ng'ombe, na sidhani kama ningekaa mimi. La tatu liliendelea kwa yule kijana wa kujitolea, ambaye tulimtoa Bondeni kwa sababu anajua lugha ya watoto wale. Kwa mtazamo wangu yeye ndiye mwalimu aliyestahili kuajiriwa kabla ya wote, lakini hana cheti cha ualimu, na kifuta jasho chake ni 50,000 tunayochanga sisi walimu.

Madam alihamishwa kata. Aliyemrithi aliuliza kuhusu kambi wiki ya kwanza. Daftari la makundi ya uandikishaji liko kwangu, kabati la ofisi ya taaluma, kila kundi na ukurasa wake na safu moja pembeni iliyoandikwa "Yuko wapi". Kundi la 2019 liliingia la saba mwaka 2025. Bondeni walianza 64, na safu hiyo imejazwa kwa watoto 61. Watatu nimeweka alama ya kuuliza kwa penseli, na mnada ni Jumamosi.